Tunavyouliza darasani: shajara ya mradi, Isingiro, 2025

Februari, shule zimefunguliwa

Kozi imeanza. Ni ya mtandaoni, na tumeifanya iwe na jambo moja tu kwa makusudi: jinsi mwalimu anavyouliza maswali, na anavyojua, somo likiendelea, nani ameelewa na nani anaitikia tu. Washiriki wanatoka shule za msingi na sekondari ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na vijiji vinavyoyazunguka, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Wapo walimu wa serikali. Wapo wa shule za jumuiya, ambao mshahara wao hutegemea mzazi amelipa au hajalipa. Wapo pia Wakongomani wanaoandikwa kwenye karatasi kama wasaidizi wa darasa kwa kuwa vyeti vyao vya Kifaransa havijalinganishwa na vya Uganda. Cha sekondari kinapitia UNEB, baraza la mitihani la taifa, cha chuo kinapitia NCHE, baraza la elimu ya juu, na njia zote mbili zinataka pesa na subira. Baadhi yao walifundisha Uvira na Bukavu, huko Kongo, miaka mingi. Ukiwaona mbele ya watoto tisini hutauliza nani msaidizi wa nani.

Tumewapokea vilevile wafanyakazi wengine wa shule: mtunza maktaba, mlezi wa bweni la wasichana, na katibu wa sekondari moja aliyekuja mwenyewe kuomba nafasi. "Madamu," aliniambia, "mitihani yao yote naipiga chapa mimi. Acha nami nijue mtihani mzuri unafananaje." Sikuwa na hoja ya kumkatalia.

Kwa nini maswali na si kitu kikubwa zaidi? Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020, unataka asilimia 20 ya alama za mwisho zitokane na kazi ambazo mwanafunzi amefanya shuleni mwaka baada ya mwaka, na 80 zitokane na mtihani wa UNEB. Maana yake mwalimu naye sasa ni mtahini. Wengi wetu tulisomeshwa kumaliza silabasi. Kupima uelewa katikati ya kipindi hatukufundishwa ipasavyo, na huko shule za msingi, ambako darasa moja lina watoto wa lugha tano, hali ni ngumu zaidi.

Masomo yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza. Mazungumzo tumekubaliana yawe kwa Kiswahili, kwa sababu ni lugha pekee ambayo Mnyankole, Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda wa kundi hili wote wanaweza kugombania hoja ndani yake. Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili Julai 2022. Sokoni Nakivale walikuwa hawasubiri tamko.

Februari, wiki chache baadaye

Mambo ya data, kwa kifupi maana yanachosha. Mshirika wetu, shirika tunaloendesha nalo kozi hii, alitaka kila Jumatano jioni tukutane kwa video. Tulijaribu. Saa moja ya mkutano wa video hula mamia ya MB, na kifurushi kinanunuliwa na mwalimu mwenyewe. Toka Julai 2021, ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii ulipoondolewa, pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, ukiacha kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Sheria inasamehe data ya huduma za elimu na afya, lakini mwalimu anayejinunulia kifurushi kwa simu yake hatofautishwi na jirani yake anayetazama mpira. Papa mmoja wa Juru, eneo mojawapo la makazi, mtu mzima mwenye heshima zake, aliingia mkutanoni, akasalimia, akasema, "Madamu, siko na mega ya kutosha," akapotea. Hakurudi jioni ile, na hakuwa peke yake.

Tumeacha video. Masomo yako kwenye Moodle, jukwaa la kusomea mtandaoni, na programu yake ya simu inaruhusu mtu kupakua somo zima akiwa penye mtandao mzuri kisha akalisoma nyumbani bila hata baa moja ya mtandao. Majibu yanahifadhiwa kwenye simu na kupanda yenyewe mtandao ukipatikana. Badala ya mkutano, kila wiki wawili katika kundi wanasoma mapema na kurekodi muhtasari wa sauti kwa Kiswahili, dakika nne au tano, unaotumwa WhatsApp. Faili ya sauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna aliyelalamika. Wale waliosoma kwa Kifaransa maisha yao yote sasa husikiliza muhtasari kwanza, ndipo wanafungua Kiingereza wakijua wanatafuta nini.

Mikutano ya ana kwa ana tulitaka iwe Jumamosi. Wasabato wakatukumbusha wapo. Ni Jumapili alasiri, basi, baada ya ibada, katika chumba cha shule moja ya Base Camp.

Machi

Ripoti ya Moodle inapendeza mno. Karibu kila jina lina alama ya kijani: amekamilisha somo la kwanza, amekamilisha la pili. Mshirika amefurahi, ameomba picha ya skrini ya kupeleka kwa wafadhili. Mimi sijafurahi sana. Alama ile hujiweka ukifungua ukurasa. Nilimtembelea mwalimu mmoja mwenye kijani kuanzia juu hadi chini, nikaketi nyuma ya darasa lake la P5, yaani la tano la msingi. Somo lilikuwa mzunguko wa maji. Kila baada ya sentensi mbili: "Are we together?" Darasa zima: "Yeees!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Watoto walikuwa wachangamfu, mwalimu mchangamfu, na sijui hata sasa kama kuna aliyejua mvuke ni nini.

Simsemi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyofundisha. Kiitikio kina kazi yake pia: kinawaamsha, kinawaweka pamoja, na ukiwa na watoto tisini kwenye joto la saa nane hutakitupa kirahisi. Tatizo ni pale kinapohesabiwa kuwa ushahidi.

Machi, mwishoni

Somo la tatu lina kitu kilichowagusa wote, nami nakiandika kwa kirefu.

Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alirekodi madarasa ya sayansi na kupima muda ambao mwalimu anangoja baada ya kuuliza swali kabla hajarudia, hajamtaja mtoto mwingine au hajajibu mwenyewe. Ulikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kungoja sekunde tatu, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na waliobaki kimya au kusema hawajui wakapungua. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Hakuna kitabu kipya. Walinyamaza kidogo zaidi, basi.

Kazi ya wiki: rekodi dakika kumi za somo lako kwa simu, sikiliza, hesabu maswali uliyouliza, na kwa kila swali andika nani alijibu na ulingoja kiasi gani.

Kundi likanyamaza. Siku mbili tatu hakuna aliyeandika chochote, hata wale wa kutuma baraka za asubuhi. Nikampigia dada mmoja wa Rubondo, eneo jingine la makazi. Akacheka ile cheko ya mtu anayeona wewe ndiye usiyeelewa. "Dada, hizo rekodi zinaenda wapi?" Simu shuleni kwao zina historia. Kuna TELA, mfumo wa Wizara unaofuatilia mahudhurio ya walimu kwa simu, na walimu wengi wanaiona kama jicho la kuwatafutia makosa, hata kama lengo lake ni kupunguza utoro. Sasa anakuja mtu mwingine, naye na simu, anataka sauti ya mwalimu akiwa kazini. Msaidizi wa darasa ambaye mkataba wake ni wa miezi michache atume sauti yake kwa mtu asiyemjua vizuri, ili iweje?

Jumapili tuliliweka mezani. Mabishano yalikuwa marefu na mazuri. Wengine walitaka kazi ifutwe. Mzee wetu wa hesabu alitaka ibaki, ila wenye kusikiliza wawe wawili tu wanaoaminiana. Uamuzi tuliofikia ni huu: rekodi haitoki kwenye simu ya mwenyewe. Haipandishwi Moodle, haitumwi WhatsApp, haisikilizwi na mimi wala na mwalimu mkuu. Anayeirekodi ndiye anayeihesabu, anakuja Jumapili na karatasi ya hesabu zake tu, kisha anaifuta akitaka. Mshirika hakufurahi, kwa kuwa mwongozo wake unasema kazi isiyopakiwa haihesabiwi kufanyika. Tumemwandikia kwamba kwetu itahesabiwa.

Aprili

Karatasi zimekuja.

Sitaweka majedwali hapa. Karatasi ni za wenyewe. Ila mazungumzo ya Jumapili ile ndiyo mafunzo bora ya walimu niliyowahi kuhudhuria, na nimehudhuria mengi, yakiwamo ya hotelini Mbarara yenye soda na posho ya nauli. Papa wa Juru, yule aliyeishiwa mega, alisimama na karatasi yake mkononi: "Miye nilijua ninauliza watoto. Kumbe niko najijibu mwenyewe." Dada wa Rubondo aligundua kwamba maswali yake yote yalikwenda safu mbili za mbele upande wa dirisha. Mwalimu mmoja wa sayansi alipata maswali mengi mno, karibu yote ya neno moja, na akasema kwa hasira kwamba simu yake ina kasoro. Tulicheka, naye akacheka.

Mlezi wa bweni, ambaye hafundishi darasani, alikuwa ametafuta njia yake: alirekodi mkutano wa jioni na wasichana. Alisema huwa anauliza, "Kuna mwenye tatizo?" na anakuwa ameshafika mlangoni kabla swali halijaisha. Safari hii alikaa. Alichosikia sikiandiki hapa, lakini mwalimu mkuu wake ameshakutana naye mara kadhaa juu ya vyoo na sodo, na fundi ameonekana.

Jambo ambalo mwongozo wa kozi haukulitaja ni kwamba kungoja sekunde tatu mbele ya watoto tisini ni kutisha. Kimya kinajaa makelele. Waliofaulu ni wale waliowaambia watoto kabla: nitauliza, hakuna kunyoosha mkono, kila mtu amwambie jirani yake jibu kwanza. Wawili wawili, mabenchi yaleyale, hakuna kuhama. Njia hiyo ya kujadili wawili wawili imo pia katika masomo ya TESSA, mradi wa mafunzo ya walimu ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambao masomo yake yapo hata kwa Kiswahili na leseni yake ya Creative Commons inaruhusu mtu kuyachukua na kuyabadilisha. Tumechukua kurasa tatu, tukatoa mifano isiyotuhusu, tukaweka mihogo, jerikani na foleni ya bomba.

Mei

Mwanzoni mwa mwezi mgao wa chakula umesitishwa kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini kwa uhaba wa fedha. Nakivale tunaisikia moja kwa moja. Baadhi ya wasaidizi wa darasa wameambiwa mikataba yao haitaongezwa muhula wa pili. Wengine wameacha kozi bila kuaga, na mimi siwatafuti kwa ajili ya kozi. Nawatafuta kuwajulia hali. Mshirika ameuliza kwenye barua pepe sababu za "kushuka kwa ushiriki". Nimejibu kwa aya moja.

Likizo. Hakuna kingine.

Juni

Waliobaki bila simu janja, na waliouza walizokuwa nazo, wamekuwa wengi kiasi kwamba Moodle peke yake haifai tena. Tumepata kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, si kubwa kuliko pakiti ya sigara, tukaiwekea Kolibri. Hiyo ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Kompyuta hiyo inarusha Wi-Fi yake yenyewe. Yeyote aliye karibu, kwa simu au kompyuta, anafungua masomo kana kwamba yuko mtandaoni, na hakuna MB hata moja inayotumika. Inakula umeme mdogo wa chaja ya simu, kwa hiyo power bank ya sola inatosha jioni nzima. Sura yake inapatikana kwa Kiswahili. Masomo yetu tuliyapanga mjini Mbarara penye mtandao wa kasi, tukayapakia mara moja.

Tunaliita sanduku. Linakaa shule moja wiki mbili, kisha linapanda bodaboda kwenda nyingine. Mtunza maktaba ndiye mlinzi wake na ana daftari la kuandika nani amelitumia, na jamani, anaandika. Mtu akichelewa kulirudisha anapigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi.

Faida ambayo hatukuitazamia: kwa kuwa sanduku liko mahali pamoja, watu wanasoma pamoja. Nilipita jioni moja nikakuta wanne wamezunguka simu moja, mmoja anasoma Kiingereza kwa sauti, mwingine anatafsiri, wawili wanabisha. Nani "amekamilisha"? Mfumo unasema mmoja, yule aliyeingia kwa jina lake.

Julai

Swali la cheti limefika, na lilikuwa lazima lifike.

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na digrii. Kwa hiyo mwenye cheti cha Grade III, kile cha ualimu wa msingi, anajua saa yake inahesabiwa, na kila shilingi anayoipata inakwenda kwenye ada ya chuo wakati wa likizo. Mwalimu mmoja wa P3 aliuliza mbele ya wote, kwa adabu lakini bila kuzungusha: "Madamu, hii kozi inanihesabia nini? Nikienda chuoni nitapunguziwa hata somo moja?" Jibu la kweli ni hapana. Niliwaambia hivyo. Cheti cha mshirika wetu ni karatasi nzuri yenye nembo, na hakuna chuo kilichoahidi kukitambua.

Tangu siku ile wawili wameondoka, wakaenda kusoma digrii. Wamefanya sawa kabisa. Wengine wamebaki, nami naamini wamebaki kwa sababu ya watoto kujibu. Hata hivyo si haki kumtaka mtu asome usiku kwa mapenzi tu wakati mwenzake wa sayansi mwenye digrii alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 mwaka 2022 na yeye wa msingi akabaki pale alipokuwa. Anayetaka kuleta kozi ya mtandaoni huku aje kwanza amezungumza na chuo.

Tulichofanya: kila mshiriki anaandaa faili lake. Ndani yake kuna mpango wa somo kabla na baada, karatasi ya hesabu za maswali akiridhia, kazi za watoto, na barua ya mwalimu mkuu aliyekaa darasani. Ofisi ya elimu ya wilaya imekubali kuyaona mafaili hayo. Kuona si kutambua, lakini msaidizi wa darasa akienda kuomba kazi shule nyingine sasa ana kitu cha kuweka mezani kisicho kwa Kifaransa.

Agosti

Katibu wa shule. Nilijua nitamrudia.

Somo la sita linahusu utunzi wa maswali ya mtihani: swali lisiwe na majibu mawili sahihi, machaguo yasifichue jibu kwa urefu wake, swali la kupima Jiografia lisigeuke kuwa mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Alilisoma lote kwenye sanduku jioni, baada ya kazi. Mitihani ya kufunga muhula ilipoanza kumfikia ili aipige chapa, akaanza kuirudisha. Si kwa ukali. Anaweka karatasi ndogo ya njano juu: "Mwalimu, samahani, namba 4, B na D zote naona ni sawa." "Mwalimu, namba 11 jibu limo ndani ya namba 7." Walimu wawili walikwenda kumshitaki kwa mwalimu mkuu kwamba katibu anasahihisha walimu. Mwalimu mkuu alisoma zile karatasi za njano moja moja, akaziita idara, akasema mitihani yote itapitia kwa katibu siku tano kabla na si usiku wa kuamkia mtihani kama ilivyokuwa.

Mmoja wa wale washitaki ameomba kujiunga na kundi linalofuata.

Septemba, muhula wa tatu

Sanduku liko Rubondo. Walimu wa P7 tumewaacha kabisa hadi PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, ipite Novemba; hakuna wa kuwaambia wakati huu wangoje sekunde tatu, wako mbioni. Mshirika amekubali, baada ya barua nyingi, kwamba kazi ya kurekodi iandikwe rasmi kwenye mwongozo vile tulivyoibadili, sauti ibaki kwa mwenyewe. Ameomba tu tumweleze kwa maandishi tunajuaje kwamba mtu amerekodi kweli. Mzee wa hesabu ameandika jibu: aliyetunga hesabu za uongo angejiandikia nzuri kuliko zile walizoleta.

Masomo ya kundi jipya yanafupishwa, mawili yanaondolewa. Lile la "kuweka malengo binafsi ya kitaaluma" hakuna atakayelilia.

Somo la sita litaongozwa na katibu. Ameomba projekta, nikamwambia hakuna. Amesema basi atatumia mitihani yenyewe ya muhula uliopita, majina ya waliotunga yakiwa yamekatwa kwa mkasi.